UZI: Mayai ya Uganda, wiski ya Marekani. Ukimfungulia mlango jirani mkubwa, unabaki kuwa wewe?

MamaTrei (mwenye uzi)

Wadau hamjambo. Mimi nauza mayai Kibuye, hapa Kisumu. Sina duka, nina meza na mwavuli. Jumapili iliyopita alikuja mteja, mwalimu kwa sura yake, akachukua yai akaliinua juani kama mtu anayekagua noti ya elfu moja. "Mama, haya ni ya Uganda?" Nikamwambia ndiyo, yameingia jana usiku kutoka Busia. Akalirudisha kwenye trei pole pole, akasema, "Mimi ni mzalendo, nanunua ya Kenya," akahamia meza ya pili.

Sasa huyo wa meza ya pili na mimi tunaleta mzigo kwa gari moja. Trei zake na zangu zilifungwa kwa kamba moja ya katani, mimi mwenyewe ndiye niliyeikata. Alipoulizwa akajibu "ya Kiambu" na uso mkavu kabisa. Mzalendo akalipa, akaondoka na mayai yake ya Uganda.

Nilicheka siku tatu. Siku ya nne mtoto wa kaka yangu aliyeko Toronto akanitumia ujumbe wa sauti, na kicheko kikaisha. Anasema Machi 2025, Marekani ilipowatandika ushuru wa asilimia 25, maduka ya pombe ya serikali ya mkoa wa Ontario yaliondoa wiski na mvinyo wa Marekani kwenye rafu. Watu madukani wanageuza kila mkebe kutafuta umetengenezwa wapi. Kwenye mechi za hoki wimbo wa taifa wa Marekani ulizomewa. Rais wa Marekani naye anawaita jimbo la 51, anacheka. Na hawa ni majirani waliotia saini kuondoleana ushuru, mkataba ukaanza kazi 1 Januari 1989. "Shangazi, wamekula sahani moja miaka thelathini na sita, ndio sasa wanaulizana nani ni nani."

Basi nawauliza nyinyi mnaoishi huku mpakani na karibu nako. Biashara isiyo na ushuru inakula utaifa wa mtu au haili? Na mteja wangu ana haki, au ni mbwembwe tu?

Msinijibu kwa matusi. Nina wateja humu.

---

KijanaWaSection58

"Ya Kiambu na uso mkavu" 😂😂 Huyo jirani yako agombee kiti.

Sisi Nakuru hatuna mpaka wa nchi, tuna mpaka wa Naivasha tu. Napita.

---

MstaafuWaBandari

Mama Trei, shikamoo sikupi, huenda nakuzidi umri.

Nilianza kazi bandarini Kisumu wakati meli zilikuwa za wote. Vijana mnadhani Jumuiya ilizaliwa Arusha mwaka 1999. Hiyo ni ya pili. Ya kwanza ni ya 1967: reli moja, posta moja, ndege za shirika moja. Ziwani tulikuwa na meli mbili mapacha za kubeba mabehewa ya treni, moja inaitwa Uhuru na nyingine Umoja. Behewa linaingia melini hapa na mzigo wake tumboni, linateremkia Mwanza au Jinja moja kwa moja kwenye reli. Hakuna gunia lililopakuliwa, hakuna mtu aliyekuuliza kabila wala nchi.

Mwaka 1977 nyumba ikavunjika. Katika kugawana vyombo, Tanzania wakabaki na Umoja, sisi tukabaki na Uhuru. Sitanii, jina la kila meli liko pale pale limeandikwa.

Watu watakwambia ni Amin na Nyerere kutokalia meza moja, watakwambia ujamaa na ubepari. Ni kweli. Lakini manung'uniko yalianza mapema zaidi, nayo yalikuwa ya biashara. Viwanda vilijazana Nairobi, wenzetu wakageuka wateja wetu. Mkataba wenyewe wa 1967 uliwaruhusu kutoza kodi baadhi ya bidhaa za viwanda vyetu ili vyao vipate pumzi, na Benki ya Maendeleo ikawekwa Kampala na kuagizwa iwekeze asilimia 38.75 Uganda, 38.75 Tanzania na 22.5 kwetu. Haikufua dafu. Februari 1977 Tanzania wakafunga mpaka na Kenya, na ukakaa umefungwa hadi 1983.

Nilikuwa na mwenzangu wa Musoma. Tulipika sufuria moja, zamu yake akichelewa mimi ninamwekea samaki, zamu yangu nikichelewa ananiwekea. Alipoondoka aliniachia jiko lake la mkaa, akasema atalifuata mambo yakitulia. Lilikaa kwangu mpaka likatoboka chini.

Kwa hiyo nikiulizwa kama biashara inakula utaifa, mimi nasema niliwahi kuwa na utaifa mpana zaidi ya huu, na ulikufa siku biashara ilipokatika.

---

MiwaMachungu

Mzee wa bandari, heshima yako. Lakini hadithi za meli hazinilipii karo.

Mimi ni mkulima wa miwa, Kakamega. Nimeona sukari ya bei rahisi ikiingia usiku kwa njia za panya, mifuko inabadilishwa kwenye maghala, asubuhi inauzwa kama ya nyumbani. Kiwanda nilichokuwa nikikipelekea miwa kilinikalia na pesa misimu miwili kisha kikafunga geti. Miwa yangu ikakaukia shambani, ikawa kuni. Huku kwetu miwa haikuwa mmea tu, jamani. Mtu akiuliza wewe ni nani ulijibu baba yako ana ekari ngapi za miwa. Harusi zilipangwa kwa tarehe ya malipo. Leo kijana wa hapa akiulizwa yeye ni nani anasema yuko Nairobi.

Kwa hiyo mteja wa Mama Trei yuko sawa. Nchi ambayo haijilishi haina cha kuita chake.

---

Sofia_Side

Banange. Nasoma huu uzi nikiwa Busia upande wa Uganda, soko la Sofia, na trei zangu mia mbili nyuma yangu.

Mnaogopa kumezwa na jirani mkubwa. Jirani mkubwa ni nani hapa? Sabuni ninayofulia ni ya Kenya. Mafuta ya kupikia ya Kenya. Benki ninayoweka hela makao yake makuu yako Nairobi. Umoja wa Forodha ulipoanza mwaka 2005, bidhaa zetu zilianza kuingia kwenu bila ushuru, lakini zenu nyingi zikipita huku ziliendelea kulipa ushuru unaopungua mwaka hadi mwaka kwa miaka mitano. Kwa nini? Kwa sababu mezani kila mtu alijua nani fahali na nani ndama. Miaka mitano ikaisha, tukawafungulia. Hakuna Mganda aliyeinua sabuni juani kuuliza kama ni ya uzalendo.

Leo ndama ameleta mayai, fahali analia.

Machi 2021 mkazuia mahindi yetu mkisema yana sumukuvu. Sumukuvu ni sumu, sikatai, inaua. Ila haibebi kitambulisho. Mahindi yenu yakinyeshewa nayo yanaota ukungu vile vile. Katazo lenyewe halikumaliza hata wiki mbili mkalilegeza kwa masharti. Mwaka huo huo ikawa zamu ya kuku na mayai. Mimi nilikuwa na mzigo njiani. Mayai hayajui kusubiri, ndugu zangu. Joto la Busia mnalijua. Siku ya sita ukifungua turubai, harufu inakuja kukusalimia kabla hujaona kitu.

Na wewe MiwaMachungu, pole kwa kiwanda. Lakini kilikufa kwa sukari yetu au kwa mikono iliyokuwa ndani ya ofisi?

---

MiwaMachungu

Yote mawili. Lakini la pili hatulisemi kwa sauti, sivyo?

---

Sofia_Side

Basi hapo tumeelewana.

---

Nekesa_wa_Historia

Nafundisha sekondari, Nakuru, ila kwetu ni Bungoma. Mama Trei ametaja Kanada, nami naomba tuifungue kidogo, maana watu wanaitaja kama mfano wa nchi iliyojisahau, na mimi sioni hivyo.

Swali hili wamelipigia kura zaidi ya mara moja. Mwaka 1911 waziri mkuu Laurier aliwaletea mapatano ya kupunguziana ushuru na Marekani. Wapinzani wakasema tukikubali hili bendera yetu inafuata, na Laurier akaangushwa. Mwaka 1988 waziri mkuu Mulroney naye akaleta mkataba mpana zaidi, aliousaini yeye na rais Reagan wa Marekani. Chama cha upinzani kilirusha tangazo kwenye televisheni: wajumbe wamekaa na ramani, wa Marekani anasema kuna mstari mmoja tu unaomsumbua, kisha anachukua raba anafuta mpaka. Hebu fikiria tangazo hilo likirushwa Busia.

Mulroney alishinda, viti 169 kati ya 295. Lakini kura alizopata ni asilimia 43. Vyama viwili vilivyopinga mkataba vikijumlishwa vilipita nusu. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya wapiga kura walichagua wanaoupinga, na mkataba ukapita. Hilo hatulikumbuki tunaposema "Wakanada walichagua biashara huria".

Kinachonivutia zaidi ni Quebec, mkoa wa wanaozungumza Kifaransa. Ungetarajia wao ndio waogope kuliko wote, wachache ndani ya bahari ya Kiingereza. Kumbe wao ndio walimpa Mulroney viti 63 kati ya 75. Waliokuwa wanatetemeka walikuwa wengi wao Wakanada wa Kiingereza, wanaozungumza kama Wamarekani, wanaotazama vipindi vya Wamarekani, na wakisafiri wanadhaniwa ni Wamarekani.

Mwenye lugha yake alikuwa na ukuta tayari. Asiye nao ndiye aliyehitaji ushuru umfanyie kazi ya ukuta. Ndivyo ninavyosoma mimi, wengine wasome wanavyotaka.

Ndiyo maana Kanada iliweka sheria mapema, tangu 1971, kwamba asilimia 30 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa kwao. Na kwenye mkataba wa 1988 wakasisitiza mambo ya utamaduni yaachwe nje: vitabu, filamu, redio. Yakaachwa. Ila kukawa na kifungu kidogo chini yake kinachomruhusu Marekani kulipiza kwa kiwango kile kile akiona ameumizwa. Ni kama kumwambia mpangaji chumba ni chako, ufunguo wa pili ninao mimi.

---

KijanaWaSection58

Nimerudi. Mwalimu, asilimia 30 ya redio? Hapa kwetu tukiweka hiyo sheria Watanzania watalala njaa.

---

Nekesa_wa_Historia

Wewe unacheka, lakini hilo ni swali zuri. Mbona nyimbo za Tanzania hazituumizi kama mayai ya Uganda?

---

TaniboiMstaafu_Malaba

Kwa sababu wimbo hauna mkulima wa Kiambu anayepiga simu wizarani. Endelea.

Mimi ni Iteso. Baba amezikwa upande wa Tororo, mama yuko Amagoro, Kenya. Nikienda matanga navuka mpaka na kitambulisho tu, tangu 2014 hakuna haja ya pasi. Kabla ya hapo tulivuka bila chochote, tukipita mtoni. Mkiuliza utaifa wangu umekuaje, mimi nawauliza upi. Hata huko Kisumu kwenu Mama Trei, mpaka 1902 palikuwa ni Uganda kwenye karatasi za Mwingereza. Reli ya kwenda Uganda ilipofika ziwani mwaka 1901 ilikuwa imefika Uganda kweli, kisha karani akachora upya. Kwa hiyo mteja wako mzalendo, babu yake huenda alizaliwa Mganda akalala akaamka Mkenya bila kununua yai lolote.

Na boda boda? Neno hilo lilitoka hapa hapa Busia, vijana wa baiskeli wakiwaita abiria wa kuvushwa kati ya vituo viwili vya mpaka, "boda, boda!" Leo kila mtu Afrika Mashariki analo. Limezaliwa kwenye mstari ule ule mnaosema unatugawa.

Lakini nisiseme yote ni asali. Nimepanda malori ya mafuta miaka mingi na nimeona upande mwingine. Mwanzo wa 2008, ghasia za uchaguzi zilipochacha kwetu, reli iling'olewa Kibera na malori yakakwama njiani. Kampala wakakosa petroli. Sisi tulikuwa tunapigana na sisi wenyewe, anayeumwa ni mtoto wa mtu aliyeko Mbarara ambaye hakumpigia kura yeyote. Hapo ndipo nilielewa maana ya kuwa na jirani mkubwa. Hata asipokuchukia, akiugua unakohoa wewe.

Uganda hawakusahau. Mwaka 2024 walianza kuagiza mafuta yao kupitia kampuni yao ya taifa, badala ya kupitia wafanyabiashara wa Kenya. Bado yanapita Mombasa, bado yanapita Malaba, dereva ni yule yule. Lakini anayeamua bei na nani anayeuza si mtu wa Nairobi tena.

---

Nekesa_wa_Historia

Taniboi umenikumbusha. Waziri mkuu wa zamani wa Kanada, Pierre Trudeau, aliwaambia Wamarekani kwao Washington mwaka 1969 kwamba kuishi jirani nao ni kama kulala na tembo. Hata awe mpole namna gani, kila akijigeuza unahisi.

---

Sofia_Side

Sisi tunalala na tembo anayelia ameumwa na mbu.

---

MstaafuWaBandari

😂 Huyu mama aitwe bungeni. Bunge la Arusha.

---

MamaTrei

Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Niseme langu, kisha niende kupanga mzigo.

Kwanza naachana na mteja wangu. Nilikuwa namcheka kwa kudanganywa, sasa naona alikuwa anatafuta kitu ambacho yai haliwezi kumpa. Ukishakula, yai ni yai. Anataka kujua bado kuna kitu kinachoitwa chetu. MiwaMachungu naye anataka hicho hicho, na simcheki kabisa, kwa sababu babangu alikuwa fundi kule Kicomi. Nakumbuka pamba ilivyokuwa ikimganda kwenye nyusi akirudi jioni, sisi watoto tunagombania kuitoa. Kiwanda kikafa, na huku Kisumu tukabaki na mitumba. Hiyo haikutoka Uganda. Mwaka 2016 Jumuiya ilipokubaliana kuipunguza hadi iishe, Marekani wakatishia kutunyima soko lao la nguo. Sisi tukarudi nyuma. Rwanda wakakaza, na mwaka 2018 nguo zao zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru. Jirani mkubwa si lazima mpakane.

Ndiyo maana naona tunachanganya vitu viwili. Mayai ya Sofia_Side hayajanifanya Mganda. Nimekula kutoka kwake miaka tisa na bado nikisikia wimbo wa taifa ninasimama, na bado yeye ananiita "Mkenya wangu" akitaka kunipandishia bei. Kinachomfanya mtu ajisikie amemezwa ni pale anaponunua mahali pamoja, anauza mahali pamoja, na mwenye mahali hapo anaamka siku moja na kuamua vingine. Robo tatu hivi ya bidhaa ambazo Kanada wanauza nje zinaenda Marekani. Robo tatu! Mimi sitii mayai yangu yote kwenye mzigo wa mtu mmoja, na mimi ni mama wa meza tu. Ndio maana hawa watu wanazomea wimbo uwanjani: hawajageuka Wamarekani, wamegundua tu ni nani anayeshika kamba.

Na hilo sasa ndilo Sofia_Side anatuambia kuhusu sisi, tukijifanya hatusikii. Ile 2021 kwangu ilikuwa habari ya redio na wiki mbili za kuhangaika. Kwake ilikuwa mzigo kuozea njiani. Sikuwahi kumuuliza alipoteza trei ngapi. Nilimpigia simu kumuuliza lini atapata nyingine.

Ya lugha ya mwalimu sijui. Naipenda, ila nina wasiwasi. Hapa Kibuye nauza kwa Kijaluo, nanunua kwa Kiswahili, nahesabu kwa Kiingereza. Ukuta wangu una milango mitatu.

---

Sofia_Side

Trei 112.

Na kuhusu lugha, huku kwetu Kiswahili wengi walikifahamu kama lugha ya askari na wezi. Wazee hawakukipenda. Baraza la mawaziri limekipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini mimi nilikijua kitambo kwa sababu ya wateja wa Kenya. Kwa hiyo mwalimu, lugha yenu ilivuka mpaka ndani ya trei tupu mlizokuwa mnarudisha. Sijui hiyo ni ukuta au ni nini.

---

Nekesa_wa_Historia

Hiyo naiiba, naipeleka darasani kesho.

---

MiwaMachungu

Mimi bado nasema sukari ikaguliwe.

---

TaniboiMstaafu_Malaba

Ikaguliwe, nani amekataa? Kituo kimoja cha pamoja Busia kimefunguliwa tangu 2018, mzigo unakaguliwa mara moja upande mmoja badala ya mara mbili. Shida ni wale wasiopita kituoni.

---

MamaTrei

Sofia_Side, trei 112. Pole sana, dada. Nimechelewa miaka lakini pole.

Alhamisi nakuja na gari la saa kumi na moja alfajiri. Niwekee arobaini, za karatasi, si zile za plastiki, zinateleza tukifika kona ya Ugunja. Na wiki hii kwenye kila trei naandika kwa kalamu "Uganda", kubwa, yule mteja wangu mzalendo aisome bila kuinua yai juani. Tuone atanunua au hatanunua.

Jirani yangu wa Kiambu ameniomba nisifanye hivyo.